Kurasa Sita za Kumkaribisha Mgeni

Jumatatu, 6 Machi 2006. Ngara mjini.

Nimeamua. Nyumba yangu ya wageni inaingia kwenye mtandao. Vyumba kumi, wageni wawili, na mmoja wao ni shemeji yangu. Mke wangu Leonsia amesema mwezi ukiisha hivi hivi, vyumba vinageuka stoo ya maharage. Hatanii. Nimemkuta akipima mlango wa chumba namba tatu.

Ila nina habari nzuri. Shirika moja linalowarudisha wakimbizi wa kambi ya Lukole kwao Burundi linatafuta malazi ya wafanyakazi wanane, miezi sita mizima. Anayechagua ni ofisa anayeitwa Odeta, bado yuko Mwanza, na anachagulia kwenye kompyuta. Basi atanikuta humo humo.

Jumatano, 8 Machi

Mtengeneza tovuti ni Gidioni, mwenye duka la kompyuta karibu na stendi. Kompyuta mbili, dishi moja, ushauri mwingi. Anadai ukurasa mmoja unatosha: vyumba, maji, bei, namba ya simu. Nikamhurumia. Mtu anabisha hodi unamtajia bei? Hata hujamuuliza ameamkaje? Mimi nimelelewa Rulenge, nyumbani kwa watu.

Nimeagiza kurasa sita. Mwanzo kabisa picha yangu na suti, ijae kioo kizima. Halafu salamu, shikamoo kwa wakubwa na hamjambo kwa wadogo. Kisha habari za safari. Kisha mvua na maharage yanavyoendelea. Kisha historia ya ukoo, kwa kifupi, tangu babu alipotoka Kibimba. Mwisho vyumba na simu. Gidioni akauliza, na mwenye haraka je? Nikamwambia mwenye haraka akalale kwa mpinzani wangu Mwatumu.

Jumamosi, 11 Machi

Mwatumu naye ameingia mtandaoni! Huyu ana nyumba ya wageni nyuma ya soko, na amenichukulia wateja tangu kambi zifunguliwe. Aliyemtengenezea ni Gidioni huyo huyo. Msaliti.

Ukurasa mmoja tu. Vyumba tisa, maji yapo, vyandarua vipo, jenereta hadi saa nne usiku, gari linalala ndani ya uzio, bei, simu. Basi. Hata neno karibu hakuna. Nilipomkuta sokoni nikamwambia nimemwonea aibu. Akajibu kwa upole kwamba, Mzee Bartholomayo, salamu yeye huwapa watu wakishafika. Jibu langu lilinijia nilipofika nyumbani, na lilikuwa jibu zuri sana, Leonsia ni shahidi.

Nimemwagiza Gidioni aikuze picha.

Jumanne, 14 Machi

Odeta amefika Ngara. Nimemwahi dukani kwa Gidioni. Kabla sijajitambulisha akasema ananijua kwa paji la uso. Jana alifungua tovuti yangu, akangoja picha ishuke. Ikafika kwenye nyusi, mtandao ukakatika. Akarudia mara tatu. Mara zote nyusi.

Akanivutia kiti, akaniomba nimtafutie namba yangu ya simu humo mwenyewe. Nikaanza kwa kujiamini. Picha ikashuka polepole. Tukapita salamu, tukapita safari. Kwenye maharage jasho likanitoka. Nikiwa na babu, hajaondoka Kibimba, jenereta la Gidioni likaisha mafuta.

Nikamtajia namba kwa mdomo. Akashukuru, akasema wenzake walioko mbali hawatakuwa na mdomo wangu. Akanieleza bila dharau kwamba anayefungua ukurasa ana swali kichwani na anataka jibu chai ikiwa bado ya moto. Chumba kipo? Maji yapo? Nawapataje? Wafanyakazi wanne tayari amewapeleka kwa Mwatumu. Wanne waliobaki atawatafutia Jumamosi, na ameahidi kunifungua tena.

Niliumia. Lakini vyumba vinne ni vyumba vinne, na Leonsia ameshaanza kuhamisha vitanda.

Ijumaa, 17 Machi

Nimekubali kosa. Kurasa zote sita nimezifuta kwa moyo mmoja. Gidioni alinishika mkono kwa furaha. Sasa ni ukurasa mmoja: vyumba, maji, vyandarua, bei, simu. Safi kabisa. Kesho Odeta anafungua.

Ila nilipokaa nikafikiri. Huwezi kuondoa salamu za watu kimya kimya kama mwizi. Kwa hiyo tumetanguliza ukurasa wa kuwaomba radhi wakubwa. Wadogo nao wamepewa wao. Ukoo pia, maana babu amefutwa. Halafu maelezo kamili ya sababu za kufupisha. Halafu shukrani kwa Odeta, kwa jina, ajione. Na mbele ya yote picha mpya, nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Gidioni akauliza, kwa sauti ya mgonjwa, namba ya simu sasa iko ukurasa wa ngapi. Tukahesabu pamoja. Wa saba.