Mvujo Ulioheshimu Adhana

Jamaa zangu wa darasa la jioni, leo sina pa kuuweka uso. Nimejaribu kuuficha kwenye shuka, shuka lenyewe limekataa.

Halima wangu mnamjua (wangu kwa nia tu, bado). Ijumaa hii wazee wangu wanakwenda kumposa. Basi asubuhi babake, Mzee Abdi, akaniita mbele ya watu sokoni.

"Warya, wewe kijana msomi! Nyumbani kwangu maji yanapotea. Hicho cheti chako cha darasa la jioni kinajua maji huenda wapi?"

Mngekuwa mimi mngesemaje? Fundi wa bomba amekwama ng'ambo ya mto anasubiri msafara wa malori na wanajeshi, na siku hizi msafara huja kama mvua ya Garissa. Mtoni nako jua likitua hakuendeki kuteka maji, kuna amri ya kutotoka nje usiku. Nikamwita ami kwa Kisomali: "Adeer, kabla ya alasiri nitakuwa nimeukamata huo mvujo."

(Mdomo huu! Siku moja nitaushona.)

Nikavaa suruali ya kaki, nimeipiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo inaweza kuchinja kuku. Nikafika. Nikafunga bilula zote, nikamwonyesha mzee mita: mshale unatembea. "Unaona? Hakuna anayeteka, na maji yanakwenda. Bomba linavuja mafichoni." Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Nikajiona nimeshaoa.

Bomba lake linapita chini ya mchanga wa uani, halafu linapanda kwenye ukuta wa udongo kuingia jikoni. Nikatandika gunia pale linapopandia, nikakaa. Nikaazima fimbo ya mzee ya kuchungia ngamia: ncha moja ukutani, nyingine sikioni. Mwalimu wetu si alisema sauti hupita vizuri zaidi kwenye kitu kigumu? Nikasikiliza.

Wallahi nikasikia! *Chubwi, chubwi, chubwi.* Nikamvuta mzee naye asikilize. Macho yakamtoka. "Kuna mto humu ndani!"

"Mto wa Tana mdogo," nikasema, huku nimeshashika patasi.

Mara adhana ya adhuhuri ikalia. Na mvujo ukanyamaza. Kimya kabisa!

"Subhanallah," mzee akasema. "Maji gani haya yanaheshimu sala?"

Msomi hakosi jibu. "Adeer, mji mzima unatawadha sasa hivi. Nguvu ya maji imepungua kwenye mabomba." (Jamani, niliiamini mwenyewe.) Tukaswali pale pale uani, bega kwa bega. Nilipoinuka nikahisi suruali imeninata nyuma. Nikasema ni jasho. Garissa hata kivuli hutoka jasho.

Tulipomaliza, nikarudi kwenye gunia langu, nikaweka fimbo. *Chubwi, chubwi.* Mvujo nao umemaliza kuswali!

Nikaanza kugonga. Askari wa doria akapita nje, akasimama ghafla. Siku hizi ukionekana unachimba, hudhaniwa unatega bomu, na salamu ya kwanza ni bunduki.

"Wewe! Mikono juu! Unachimba nini hapo?"

"Natafuta maji, afande!"

"Ndani ya ukuta?" Akamtazama mzee, mzee akaitikia kwa kichwa. Askari akaegemea ua, bunduki begani. "Haya endelea. Hii lazima nione."

Nikapiga patasi mara ya mwisho kwa nguvu ya wanaume saba. Bonge la udongo likaangukia upande wa pili. Nikachungulia.

Jicho likanitazama.

Lilikuwa la mama yake Halima! Niliambiwa amekwenda kwa dada yake. Kumbe amerudi kwa mlango wa nyuma, amekaa chini, mgongo karibu na ukuta, anasukasuka kibuyu cha maziwa atoe siagi. *Chubwi, chubwi.* Huo ndio mto wangu. Na adhana ilipolia, mama wa watu aliweka kibuyu chini akaenda kuswali!

Nyinyi mliotoka Mombasa mtasema, basi si mngesalimiana tu? Thubutu! Kwetu mchumba na mama mkwe hawatazamani usoni. Akimwona njiani, anakata kona. Mimi nimemtobolea jikoni! Na nywele zake zimejaa udongo.

Nikaruka wima, nikageukia pembeni, nikawapa kisogo wote. Kosa la pili hilo. Maana nyuma yangu askari akapaza sauti:

"Ndugu, pole sana. Ni mimi nimekutisha, au ni yule mama?"

Nikajishika. Kaki yote ya nyuma imelowa chapachapa, inadondosha maji! Mzee Abdi hakucheka. Aliinua gunia. Akafukua mchanga kwa ncha ya fimbo. Hapo chini, kwenye kiungo cha bomba, maji yanachuruzika taratibu, safi, hayana haraka.

"Warya," akasema polepole, "tangu asubuhi umelikalia."

Hapo akacheka. Alicheka mpaka akashikilia ua, na askari akamshikilia yeye.

Kutoka kwenye tundu ikaja sauti ya mama, kwa Kisomali, tulivu kama hakimu. Nikatamani ardhi inimeze, lakini ilikuwa imelowa.

"Mama amesema nini?" askari akauliza.

Mzee akamtafsiria kwa Kiswahili chake cha sokoni, akifuta machozi: "Anasema kesho kijana ikuje izibe ukuta. Halafu ikae kila kona ya nyumba, moja moja, tujue kama kuna bomba ingine inafuja."

Jamani, amesema nije! Kwa hiyo Ijumaa wazee wanakwenda kuposa kama kawaida, na kesho naanza na kona ya mlangoni.

Cheti nimekifungia sandukuni. Kifaa ninachokiamini sasa nimekikalia.