Cheo cha Daktari Mgeni

Habari iliyokivuruga kijiwe asubuhi ile ilikuwa ndogo, tena ya ukurasa wa ndani: daktari bingwa angefika hospitali kuu kesho yake, na kumwona ni bure. Cheo chake ndicho kilichomkwamisha Kinyozi.

“Otorino… otorinola…” Kinyozi alilishusha gazeti. “Mtu kama huyu mkewe humwitaje?”

“Kwa awamu,” alijibu Fundi Cherehani.

Karani mstaafu, ambaye kijiwe kizima kilimwita Kamusi, alilichukua gazeti. Siku hizi alipenda kujisomea mwenyewe. Alidai watu wanameza maneno.

“Neno refu halimezwi likiwa zima,” alisema. “Nanyi mnalitafuna popote, kama mbuzi aliyepata kamba. Silabi kwanza, ulimi upate pa kukanyaga: o-to-ri-no-la-rin-go-lo-jis-ti. Lakini silabi ni hatua tu. Maana imo katika viungo.”

“Basi chinja, mzee, tugawane,” alisema Kinyozi.

“Oto, sikio. Rino, pua. Laringo, koo. Lojia, elimu. Na isti ndiye mtu mwenyewe. Viungo vya Wayunani hivyo, Waingereza waliazima tu.”

“Kumbe,” alisema Kinyozi. “Nasi shuleni tulichapwa viboko kwa mali ya jirani.”

Fundi Cherehani hakucheka. Alimsogelea Kamusi, aliyemwoa dada yake. “Shemeji, oto ni nini?”

“Sikio. Si nimesema?”

“La nani?”

Kamusi alikitazama kikombe chake.

“Unadhani kwa nini hatukai kushoto kwako?” Kinyozi aliuliza.

“Heshima.”

“Heshima gani, mzee, nami nimekalia ndoo? Upande huo husikii. Tunagombea kulia.”

“Nasikia kila kitu.”

“Dada yuko kwangu tangu alfajiri, na mfuko wa nguo,” alisema Fundi Cherehani. “Amechoka kupiga kelele ndani ya nyumba yake. Harudi mpaka utibiwe.”

“Mbona hakuniaga?”

“Amekuaga mara tatu.”

Kamusi alikumbuka. Hakika alikuwa amemwona mlangoni, midomo ikicheza, akamjibu kwa sauti ya mtu msomi: “Vyema kabisa, mama.”

Akalikunja gazeti kwa uangalifu, akasimama.

“Kesho nitakwenda,” alisema. “Ila nakwenda kuhakiki kama daktari huyo anakitamka sawasawa cheo chake.”

“Vizuri, mzee,” alisema Kinyozi. “Akianza kukitamka, mgeuzie sikio la kulia.”