Pesa ya Kinyozi wa Ohio

Siku Bi Ummu aliposema kwenye shughuli ya watu kwamba ameanza kukusanya pesa za kale, Gwakisa alikuwa na sambusa mdomoni, akasahau kutafuna. Bi Ummu, Mzanzibari mwenye duka la mabaibui na manukato kwenye mtaa wa Columbia Heights, hakuwahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Mtu wa aina hiyo akipenda kitu, Gwakisa aliamini, hiyo ni neema imeshuka.

"Wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, watu hapa walificha sarafu," Bi Ummu alieleza. "Chenji ikapotea. Wenye maduka wakajichapia vipande vya shaba, kila mmoja na jina la duka lake. Ndivyo nivitakavyo. Ila bado najifunza, sijui cha kweli wala cha bandia."

Gwakisa, mkazi wa Landover, alikuwa mtu wa "biashara ndogondogo", jina alilolipa jambo lolote lisilohitaji risiti. Akaagiza mtandaoni vipande vya bandia, akavichemsha kwa chai na siki hadi vikazeeka karne na nusu kabla ya chakula cha mchana. Kisha, kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino, akanunua kimoja cha kweli, cha kinyozi wa Ohio. Tapeli anayejiheshimu hakosi chembe ya ukweli mfukoni.

"Shikamoo, Bi Ummu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hivi vilikuwa vya mzee mmoja wa Virginia, marehemu. Mjane wake hataki hata kuviona. Chukua hiki cha kinyozi, kapimishe popote."

Bi Ummu akakichukua, na vilivyobaki akavipiga picha. Juma lililofuata akampigia simu.

"Mwanangu, ni cha kweli. Navitaka vyote. Ila pesa yangu imo kwenye mzigo unaotoka Dubai. Utapokea mafuta ya udi? Nikupe katoni nzima."

Gwakisa alijua chupa moja tu ya udi inavyouzwa ghali. Akaenda, akanusa, pua ikaamini. Wakabadilishana, akaendesha gari moja kwa moja hadi Sterling kwa Riyadh, Mmombasa anayeuza manukato.

Riyadh akadondosha tone kiganjani, akalisugua, akalilamba.

"Ndugu yangu, haya ni ya alizeti. Yamefukizwa udi tu."

Gwakisa akapiga simu palepale. "Bi Ummu, umenipa mafuta ya kukaangia."

"Na yanakaanga vizuri. Sikiliza, mwanangu. Muoka mikate wa Michigan na mwenye bucha wa New York, pesa zao zina mkwaruzo mmoja, mahali pamoja, kama zilizotoka kalibu moja. Aliyenipimia kinyozi ndiye aliyenionyesha kwenye picha. Basi kinyozi nimebaki naye. Wengine wote nimewapa wajukuu, wanachezea duka."

"Nitakushtaki."

"Haya. Wewe njoo na katoni, mimi nije na shaba zako, tumsimulie hakimu pamoja."

Gwakisa akaipima safari hiyo, akaona ni ndefu.

Alifika nyumbani na njaa, na jikoni hakukuwa na mafuta mengine. Akafungua chupa, akakaanga mayai, harufu ya udi ikatoka hadi nje. Hayajaiva bado, jirani yake Edna akabisha hodi, kajitanda khanga mpya, akitaka kujua harusi ni ya nani na mbona yeye hakualikwa.