Babu wa Kuazima

7 Desemba 2003, Jumapili

Leo tumehesabiwa. Serikali ya hapa Muscat inahesabu watu wote, wenyeji na wageni, hata sisi wa chumba cha Darsait juu ya karakana. Nilikuwa peke yangu chumbani, mgongo umekataa kazi. Kupaka rangi dari si mchezo. Karani wa hesabu ni mwalimu, jina lake Safwan, Mwomani wa wale waliotoka Zanzibar. Kiswahili chake kitamu kuliko changu! Nikamhesabia wenzangu wote, pamoja na Brayo, mtoto wa Nairobi anayelala kitanda cha juu na kunidondoshea makombo ya mkate.

Akauliza natoka wapi Kenya. Nikasema Butere, karibu na Mumias. Kalamu ikasimama. Akasema bibi yake, Bi Sayyida wa Qurum, anatafuta watu wa Mumias tangu yeye yuko shule. Ami yake bibi alikwenda huko kuuza nguo enzi za Mwingereza, akaoa huko, akapotea huko. Akaniuliza kama ninajua familia yenye damu hiyo.

Nikasema labda.

Neno dogo, lakini limenikosesha hamu ya chakula. Kampuni imesema Februari viza yangu haiongezwi. Nitarudi Butere, na Dorothy atabaki hapa akifua mashuka ya hoteli. Dorothy ni mchumba wangu. Mchumba aliye Muscat wakati wewe uko Butere si mchumba, ni picha. Lakini mtu mwenye ndugu Qurum! Ndugu huwa kafili, mdhamini wa viza. Ndugu hafukuzwi.

9 Desemba, Jumanne

Nimekwenda Qurum. Nyumba kubwa, ukuta mweupe uliopakwa vibaya (walitumia brashi pale pa kutumia rola). Uani kuna kijumba kitupu cha mlinzi, vyumba viwili na jiko. Nilikipima kwa macho. Kitanda cha Dorothy na mimi kingeingia, na kabati.

Bi Sayyida ni mzee mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ghorofani. Akanionyesha nakala ambayo Safwan aliitafuta Nairobi: hesabu ya watu ya mwaka 1931. Aflah bin Yaarub, Mwarabu, muuza nguo, Mumias. Watoto wa kiume wawili. Basi. Mke hayumo. Safwan akaeleza kwamba hesabu ile Mwingereza aliwaandika wageni tu. Mwenyeji alikuwa hahesabiwi kwa jina, hata akiwa jikoni mwa aliyehesabiwa.

Bi Sayyida akasema, “Nna miaka yote hii nawatafuta. Huyo mwanamke hata jina lake silijui nikamuombea dua.”

Nikasikitika kweli. Halafu nikaona kitu kingine: mke hana jina, watoto hawana majina. Nyumba nzima haina mlango, yeyote anaingia! Nikamwambia nitaulizia kwetu.

Nimemweleza Brayo. Amesema, “Wewe Enos, pua hiyo ya Kiarabu umeificha wapi?” Wivu tu.

12 Desemba, Ijumaa

Baada ya ibada (hapa hata kanisa ni Ijumaa) nimekaa na Dorothy kwenye ngazi, tukila mahindi ya kuchoma. Kwao ni ng'ambo ya Mumias, na nilikumbuka aliwahi kunisimulia hadithi fulani ya Mwarabu na nyanya. Nikamchokoza kidogo, kama mtu asiyejali. Akasimulia yote. Nanzala, binti wa mfinyanzi, aliolewa na Mwarabu wa nguo. Mwarabu alikuwa haendi sokoni bila mwavuli. Akafa kwa homa, Nanzala akarudi kwao na watoto wawili wa kiume.

Mwavuli! Huwezi kubuni mwavuli.

Dorothy akauliza kwa nini leo nasikiliza, na kawaida akisimulia nasinzia. Nikasema mapenzi yamekua. Akanitazama kama anayekagua shuka lenye doa.

Kama hadithi hiyo ni ya kweli au ya kupitishia muda, sikuuliza. Kila familia ya Mumias ina Mwarabu wake.

14 Desemba, Jumapili

Nimekuwa kitukuu!

Nilisimulia taratibu. Nanzala, homa, watoto wawili, na yule mdogo ndiye aliyemzaa aliyenizaa. Nilipofika kwenye mwavuli Bi Sayyida akapiga ukelele. Kumbe Aflah alitoka Zanzibar na mwavuli wa baba yake, na mzee huyo aliulalamikia mwavuli huo mpaka anakufa! Akanikumbatia, akalia. Nami nikalia. Machozi yangu yalikuwa ya kweli, sijui yalitoka wapi. Tangu nifike nchi hii hakuna aliyenikumbatia zaidi ya fundi wa ngazi alipokuwa anaanguka.

Ameniita “baba'ngu”. Amesema Ijumaa kuna karamu, nije na watu wangu. Kuhusu kafili amemwambia Safwan aulize taratibu. Kijumba cha uani amekitaja mwenyewe. Mimi sikutaja! Nilikitazama tu.

16 Desemba, Jumanne

Undugu una kazi zake. Jana baada ya saa za kampuni nimepanda juu ya paa la Bi Sayyida kusafisha tangi la maji. Leo nimepaka rangi chumba cha wageni. Nilipogusia ujira kwa mbali, kwa adabu, Bi Sayyida akacheka mpaka akashika ukuta mbichi. Akasema, “Mtoto wa nyumbani anajilipa mwenyewe, baba'ngu!” Akanipa halua. Tamu sana, lakini haitumwi Butere.

Brayo ameuliza kama kwenye ukoo kuna nafasi nyingine. Nikamwambia karani alishafunga.

19 Desemba, Ijumaa

Niandike haraka kabla sijafa kwa aibu.

Nilimpeleka Dorothy karamuni, na gauni lake la kijani. Sikumweleza habari ya babu. Nilipanga kumweleza njiani, lakini teksi ilikuwa na watu wengi. Nilimwambia tu kwamba kuna mama mmoja mwema amenipenda kwa bidii yangu ya kazi.

Tukaitwa uani. Wanaume wakaanza kufukua udongo. Nikafikiri wanatafuta bomba. Wakatoa mbuzi! Mbuzi mzima vipande vipande, amefungwa majani, alizikwa tangu jana! Nikaruka nyuma. Nikasema kwa sauti kwamba kwetu kilichozikwa hakifukuliwi. Bi Sayyida akanitazama. Akasema, “Shuwa hujui? Ami yangu Aflah alikuwa haachi kufukia nyama kila sikukuu. Hakuwafunza?”

Kabla sijapata uongo wa kufaa, Dorothy akacheka. Akasema sisi nyumbani ndivyo tunavyofanya! Krismasi babu alikuwa anachimba shimo, anafunga nyama kwa majani ya mgomba, anafukia mpaka kesho yake. Majirani walituita wazika mbuzi. Hakuna aliyejua desturi imetoka wapi. Babu alisema tu baba yake alifanya hivyo, yule mwenye mwavuli.

Bi Sayyida akakaa chini. Akauliza babu yako jina lake nani, mwanangu. Dorothy akasema Yarubu.

Yaarub! Jina la baba wa Aflah! Na mimi Dorothy namjua mwaka wa tatu, sijawahi kuuliza jina la babu yake. Nani huuliza?

Vigelegele. Watu wakaimba. Bi Sayyida akamkumbatia Dorothy kwa mkono mmoja na mimi kwa mkono mwingine, akasema Mungu amemletea vitukuu wawili siku moja, huyu wa mtoto mkubwa, huyu wa mtoto mdogo! Dorothy akageuza shingo pole pole, akaniangalia. Akauliza, “Mdogo gani, Enos?”

Na Safwan, kwa nia njema, akatangaza kwamba sisi ni wachumba. Bi Sayyida ndiyo akazidi kufurahi. Akasema mtoto wa ami kwa mtoto wa ami ndiyo ndoa yenyewe, hakuna bora, mali na damu havitoki nje. Akataka kujua tarehe.

Dorothy ameondoka bila kula.

20 Desemba, Jumamosi

Nimemfuata kwenye nyumba ya wafanyakazi wa hoteli. Amenipokea mlangoni. Amesema niseme moja tu: sisi ni ndugu au si ndugu? Kama ni ndugu, amekuwa akitembea na ndugu yake, jambo ambalo kwetu kuku hawalifanyi. Ameshampigia baba yake simu. Baba yake amesema kondoo wa utakaso achinjwe, tumwagiwe maji ya majani, na tusionane mpaka kufa. Kama si ndugu, basi mimi ni mwizi. Nimeiba babu yake, nyanya yake na mwavuli.

Nikamwambia Bi Sayyida hana shida na binamu kuoana. Akasema, “Basi kaolewe wewe na binamu zake.” Mlango ukafungwa. Nikasikia wenzake wakicheka, mmoja akiniita kaka.

21 Desemba, Jumapili

Nimefikiri kutwa nzima juu ya jukwaa, brashi mkononi. Nikikiri, namkosa kafili, kijumba na halua. Nisipokiri, nina kafili, kijumba na halua, na Dorothy ananiamkia kwa mbali kama kaka mkubwa. Nitamwona akiolewa, na nitapewa kazi ya kubeba viti.

Nimepaka dirisha zima rangi ya ukuta. Msimamizi amenitukana kwa Kihindi na Kiarabu.

23 Desemba, Jumanne

Nimekwenda. Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakapotea langoni. Nikamwambia Bi Sayyida mimi si wa Aflah. Baba yangu ni Makokha, mkata miwa, na baba yake alikata miwa, na kabla yake sijui, lakini hakukuwa na mwavuli. Hadithi ni ya Dorothy. Nilitaka nisirudishwe kwetu nikamwacha.

Akasema nilipomruka mbuzi alianza kushuku. Damu ya Aflah hairuki nyama. Akaniita mwongo, mara kadhaa, kwa Kiswahili na Kiarabu. Kisha akafuta macho akasema, “Lakini hesabu ya Mwingereza haikunipa hata jina. Wewe mwongo umenipa Nanzala, nikamuombea. Umenipa na mtoto.”

Akamtuma Safwan amlete Dorothy. Dorothy akaja, hakunitazama, kisha akanitazama. Akasema bora mwizi kuliko kaka. Nilitaka kumbeba! Mgongo haukuruhusu.

Nikamuuliza Bi Sayyida, kwa kuwa mimi si ndugu tena, kama ile rangi ya chumba cha wageni italipwa. Amelipa. Sijui kwa nini Dorothy alijifunika uso.

25 Desemba, Alhamisi

Krismasi. Mambo yamenyooka. Bi Sayyida amekubali kuwa kafili wangu, kijumba kitakuwa chetu, lakini kwa sharti moja. Hapa Muscat yeye ndiye mzazi wa Dorothy. Binti wa nyumba yake haombwi na mtu aliyesimama peke yake kama nguzo ya umeme. Nije kuposa Ijumaa ijayo, na mzee wa ukoo wangu, na safari hii awe mzee wa kweli. Dorothy amesema naye hivyo hivyo, na kidole juu. Nimeapa mbele ya wote wawili.

Wazee wangu wako Butere. Hawana pasipoti, na mmoja anaogopa hata lifti.

Nimezungumza na Brayo. Amekubali kuwa baba yangu mdogo. Ni mdogo kwangu kwa miaka saba, lakini unga kidogo kwenye nywele na miwani ya Wesley wa kanisani vitamzeesha. Tatizo ni Kiswahili chake cha Nairobi, akifungua mdomo tu tumekwisha. Hilo nalo nimelimaliza: baba mdogo ni bubu tangu kuzaliwa. Nani amewahi kumkamata bubu kwa uongo?