Umaskini Wenye Soketi

Jumatatu, 3 Machi

Serikali imenikumbuka! Mradi wa kompyuta kwa familia zenye kipato kidogo umefika mtaani kwetu. Afisa atapita Alhamisi kukagua nyumba. Na imekuja wakati wake: binti yangu amepata nafasi ya kusomea uuguzi, masomo yote ya mwanzo ni kwa njia ya kompyuta. Asiyekuwa nayo ifikapo mwisho wa mwezi, nafasi anapewa mwingine.

Mke wangu anasema tukae hivi hivi tulivyo, umaskini wetu unajitosheleza. Mwanamke mwema, ila hajui mambo ya ukaguzi. Mimi ni fundi kufuli. Mlango haufunguki kwa kuukodolea macho.

Jumatano, 5 Machi

Kazi imekwisha. Balbu zote nje. Soketi nimeing'oa, tundu nimelijaza tope. Meza, kitu pekee cha maana humu ndani, nimeihamishia kwa jirani, yule fundi wa rangi tunayemwita Bwana Najua kwa kuwa hakuna asilolijua. Nikamwambia kuta zangu zinapakwa rangi. Akauliza mbona sikumwita yeye. Nikasema sikutaka kumsumbua. Akatabasamu. Simpendi kabisa akitabasamu!

Binti kauliza atasomea wapi. Nimemwambia mvumilivu hula mbivu.

Alhamisi, 6 Machi

Wamekuja. Gari kubwa, dereva, mpiga picha, na Mama Afisa mwenyewe. Msafara mzima kuja kutazama umaskini wangu! Bwana Najua anadai gharama ya kukagua nyumba moja inanunua kompyuta na chenji inabaki. Nilikubaliana naye, lakini moyoni tu.

Mama Afisa akauliza umeme uko wapi. Nikajibu kwa unyonge kwamba umeme sisi tunauona kwa majirani. Akauliza meza. Nikasema meza ni mambo ya wenye nazo. Binti akafungua mdomo. Nikakohoa mpaka dereva akaniletea maji.

Mama Afisa akasema anasikitika sana. Kipato chetu kilishapitishwa zamani. Alikuja kuangalia jambo moja tu: kompyuta itawekwa wapi na itachomekwa wapi.

Nilitaka kusema, lakini mpiga picha alishalipiga picha lile tundu la tope.

Wakahamia kwa Bwana Najua. Soketi tatu. Meza safi ya mbao ngumu. Kapewa!

Ijumaa, 7 Machi

Binti kagoma kula. Mke wangu anaongea na sufuria, lakini maneno yote ni yangu. Nimekwenda kudai meza. Bwana Najua kaniambia pole sana, kitu kikishaingia kwenye picha za serikali hakihamishwi ovyo. Kompyuta yake imekaa juu ya meza hiyo kama bibi harusi. Meza yangu!

Jumatatu, 10 Machi

Binti kaenda ofisini bila kunishauri. Kakaa kwenye benchi mpaka wanafunga, kamweleza Mama Afisa kila kitu. Kila kitu! Nilitamani ardhi inimeze. Ila yule mama ana utu. Atarudi Alhamisi, mara ya mwisho. Anataka soketi na meza, hata ya mbao za masanduku.

Binti kanishika mikono miwili, kaniomba nisifanye jambo lolote zaidi ya hayo. Macho yake yalikuwa mekundu. Niliona uchungu, nikamwahidi.

Jumatano, 12 Machi

Soketi nimeirudisha. Meza nimeigonga mwenyewe, inayumba kidogo tu. Binti kalala kwa shangazi yake, kwa hiyo nimepata nafasi ya kufikiri. Soketi tupu inasema nini? Inasema hawa umeme wanao wa mapambo. Mama Afisa atasita tena, na hakuna mara ya tatu! Nimeazima friji la mwenye duka, televisheni ya kinyozi na kochi la shemeji. Ahadi sijaivunja, nimeisaidia. Mke wangu alipoona friji linaingia, alikaa kizingitini, akashika tama.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Afisa kakaa kwenye kochi, kazama. Katazama friji. Katazama televisheni. Kauliza kwa sauti ndogo ni za nani. Hapo ningesema za kuazima, yakaisha! Lakini mpiga picha alikuwa ananitazama kama mtu wa maana. Muda mrefu sijatazamwa hivyo. Nikasema ni zetu, za jasho langu.

Akatoa picha za wiki iliyopita, giza tupu, akauliza mali hii imeshuka kutoka wapi. Nikamjibu Mungu hamtupi mja wake. Mpiga picha akaangua kicheko. Mama Afisa hakucheka. Akasema tumeshamchezea vya kutosha, akalikata jina letu pale pale.

Binti aliingia gari likiondoka. Akalitazama friji, akanitazama mimi, akatoka.

Jumapili, 23 Machi

Nafasi ya chuo haijapotea. Bwana Najua kamruhusu binti asomee kwake asubuhi, watoto wake wakiwa shuleni. Chuo kimetaka namba ya simu ya mlezi, na binti kawapa ya Bwana Najua. Mlezi! Nimemuuliza kwa nini asiwape yangu. Kajibu kwa upole tu: Baba, ningewapa yako, si wangekupigia.

Imeniuma. Imeniuma sana. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba nimekoma, mambo ya serikali siyagusi ng'o.

Mchana limepita tangazo. Mradi wa mabati kwa nyumba zinazovuja! Ukaguzi Jumatano. Paa letu ni zima, halivuji hata tone, lakini nani kawaambia? Nimeshapanda na nyundo na msumari mnene. Nimeanzia juu ya kitanda cha binti. Hapo ndipo patatoka vizuri kwenye picha.