Feni ya Gi-tae

Jumatatu, 29 Julai

Gi-tae amekuja! Miaka mitatu mwanangu hajalala nyumbani, leo kaingia na begi na tikiti maji, ana likizo ya siku kumi. Nimemlisha mpaka akaomba nimhurumie. Halafu akatoa kwenye begi feni. Anasema akilala hufunga madirisha kwa ajili ya mbu, feni anaielekeza usoni mpaka asubuhi. Usoni! Na madirisha yamefungwa! Jiji zima la Daegu linajua feni ya namna hiyo humnyonya mtu pumzi, akakutwa amekauka kama dagaa. Nimemwambia. Kacheka. Eti feni inasukuma upepo tu. Huyu nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili. Simpi feni.

Jumanne, 30 Julai

Nimefanikiwa! Alipoanza kukoroma nikazima feni, nikafungua madirisha yote. Asubuhi kaamka hai, na hilo ndilo la maana. Ila mbu wamemla, jicho moja halifunguki. Hata asante hakunipa. Kasema polepole, na upole wake nauogopa kuliko kelele, kwamba nikiigusa tena feni yake anahamia nyumba ya wageni pale stesheni. Nimeapa siigusi.

Kuigusa, sawa.

Jumatano, 31 Julai

Wazo! Mke wa mwanzi wa marehemu mume wangu! Tenga refu kama mtu, limesukwa kwa mianzi, tupu ndani. Unalikumbatia kitandani, upepo unapita katikati, jasho hulijui. Nani atataka feni? Nikalifuta vumbi, nikamwekea Gi-tae, nikaenda ukumbi wa wazee kujigamba. Mama Sang-uk, ambaye ana kiyoyozi na hakubali tusahau, akaweka karata chini, akauliza tenga lilikuwa la nani. Nikasema la baba yake Gi-tae. Ukumbi mzima ukanigeukia.

Loo! Nilisahau! Tangu enzi za mababu, mtoto halali na mke wa mwanzi wa baba yake.

"Sasa mama Gi-tae," akasema Mama Sang-uk, "hilo tenga utaliitaje, mke mwenzio au mkwe wako?"

Walicheka mpaka mzee mmoja meno yake ya bandia yakaangukia karata. Nikakimbia nyumbani, kwa magoti haya! Nikamkuta mwanangu kalikumbatia, kasinzia, feni inamvumia. Nikalinyofoa mikononi mwake. Akaamka, akanitazama mimi, akatazama tenga, akaanza kukunja nguo zake.

Alhamisi, 1 Agosti

Jana sikumalizia. Nilimzuia mlangoni, nikamwambia nilichokificha miaka kumi na moja.

"Baba yako aliondoka usingizini, feni inazunguka. Mimi ndiye niliyeiwasha."

Akashusha begi. Akasema daktari alisema ni moyo, na moyo wa baba ulikuwa mbovu tangu yeye yuko shule. Nikamjibu daktari hakulala chumba kile. Akafikiri sana. Akasema basi tuijaribu mchana kweupe, alale yeye, mimi nitazame. Nikakataa. Kama kuna wa kwenda, aende mwenye sanda tayari. Yangu nilishona mwaka ule wa mwezi wa ziada katika kalenda ya kale, mwezi wa heri kwa sanda, kitani safi.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimevaa sanda. Inanibana kiunoni. Nimeagiza mtungi wangu wa kabichi ya kimchi apewe yeyote isipokuwa Mama Sang-uk, naye kaja kushuhudia na mahindi ya kuchemsha, kama anaenda kutazama mieleka. Mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, feni usoni. Nikafumba macho nikamngoja marehemu.

Nimeamka jioni. Niko hai! Koo kavu, shingo imekaza, mate shavuni, lakini sijalala hivi tangu nizeeke! Mama Sang-uk alishaondoka na mahindi yake. Gi-tae alikuwa pembeni kashika mkono wangu. Nikamuuliza alikuwa anafanya nini saa tatu zote. Akasema hana la kufanya, amekaa tu. Mwongo. Alikuwa anahesabu pumzi zangu.

Kafungua begi, karudisha nguo kabatini. Anamaliza likizo hapa hapa!

Jumamosi, 3 Agosti

Nimeelewa! Feni haikuniua kwa sababu Gi-tae alikuwa macho, anailinda. Ikiona mtu anaitazama haithubutu. Iko wazi kama maji! Marehemu hakuwa na mlinzi, mimi nilikuwa kisimani naosha kabichi. Nimemweleza Gi-tae. Kashika kichwa, kasema sawa Mama, kama itakutuliza, kaa.

Sasa kalala baada ya chakula, madirisha yamefungwa, feni usoni. Mimi niko kwenye kigoda, macho kwenye yale mapanga. Imejaribu mara mbili kunisinzisha kwa mlio wake. Nimeizaba kofi. Gi-tae kaguna, kageukia ukutani, anakoroma.

Yu hai. Mwacheni alale, nimeishikilia.