Kuku Aliyeporomoka Sokoni

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi ya tisa! Ya tisa! Gemu yetu, Kuku Ofisini, ina siku sita tu Sokoni, kwenye duka la gemu za simu, na tayari ni ya tisa kati ya maelfu. Mchezaji ni kuku. Kuku kapotea ofisini. Lazima atoke kabla bosi hajarudi kutoka mkutanoni. Wazo langu. Hesabu zote za ndani, zangu. Michoro ni ya shemeji, mdogo wake mke wangu. Mchora mabango. Kachora kila unyoya kwa miaka miwili bila kulalamika, au bila mimi kusikia.

Soko limetangaza kwamba gemu mia za kwanza tarehe 17 zitaalikwa kwenye maonyesho. Kila mchoraji atapewa meza yake. Shemeji kalitaja hilo mara nne leo. Nimemwambia aanze kuchagua viatu.

Nimemdokeza pia meneja wa kliniki ya macho, ambako mimi ni karani wa mapokezi, kwamba mwakani asinitegemee sana. Akaniuliza kama nimepanga faili za jana. Watu wengine hawana macho ya mbali, na wanafanya kazi kliniki ya macho.

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini naye ana gemu. Ndiyo, fundi cherehani! Kajifundisha mwenyewe, kati ya suruali moja na nyingine. Gemu ya kushona vifungo. Nafasi ya 62. Nimempungia mkono kwa huruma.

Jumatano, 6 Machi
Nafasi ya 340.

Nikazima simu. Nikaiwasha. 341.

Hujuma! Mke wangu kasema labda watu wamechoka. Nani anachoka na kuku?

Nikashuka kwa fundi kuchunguza, nikijifanya nimekuja kupunguza suruali. Vifungo vyake vimepanda hadi 58. Huku ana pini mdomoni, akanieleza, bila kuombwa, kwamba gemu mpya huwekwa rafu ya mbele wiki moja. Kila apitaye anaiona. Wiki ikiisha, Soko linatazama mengine: wangapi wanaifungua, wanakaa muda gani, kesho wanarudi au ndiyo basi.

"Mgeni siku mbili, mdogo wangu," akasema. "Ya tatu umepewa jembe."

Nikamshukuru kwa ubaridi. Suruali kaipunguza kweli. Sasa inaishia juu ya vifundo vya miguu.

Alhamisi, 7 Machi
Mpango! Tunahitaji nyota. Nyota zinatoka kwa watu. Na watu wako wapi? Wamekaa mbele yangu tangu asubuhi, wakisubiri daktari wa macho.

Nimezunguka benchi kwa benchi nikiomba kila mmoja atupe nyota tano. Wagonjwa kumi na saba! Kasoro ndogo: tisa walikuwa wameshatiwa matone na hawaoni cha karibu. Mzee mmoja kabonyeza nyota moja akidhani anampigia binti yake. Bibi mmoja kaandika kwamba daktari ni mpole ila foleni haisogei. Si kitu. Maoni ni maoni.

Ijumaa, 8 Machi
Soko limefuta maoni yote kumi na saba. Eti yametoka kwenye intaneti moja, ndani ya saa mbili, kwa watu ambao hawajacheza hata dakika moja. Kwani aliyetiwa matone atacheza vipi?

Nafasi ya 610. Inaonekana tumeshatiwa alama ya udanganyifu.

Meneja kaniita. Wagonjwa wawili wamemuuliza daktari kama kuku ni sehemu ya kipimo. Nimepewa onyo la maandishi. Limeandikwa kwa herufi kubwa sana, kwa dharau nadhani.

Jumapili, 10 Machi
Nimegundua kosa. Lebo! Kila gemu hubandikwa lebo ili Soko lijue limwonyeshe nani. Sisi tulikuwa na tatu za kimasikini: vichekesho, wanyama, mafumbo. Nikaongeza kutisha, vita, mapenzi na mpira. Sikumwambia shemeji. Nilitaka afurahi ghafla.

Saa tano asubuhi: watu mia tisa wameifungua! Nikaruka. Nikagonga goti kwenye meza.

Saa saba: wote wameondoka, isipokuwa kumi na mmoja. Mtu wa kutisha kalalamika kwamba kasubiri nusu saa kuku aue mtu, na kuku hakuua. Mtu wa mapenzi kauliza mchumba wa kuku yuko wapi. Mtu wa mpira kaandika tu, "Hii ni nini?" Soko limewaona wakitoka mbio kama nyumba inaungua, likaamini inaungua.

Nikajaribu kuzima moto. Nikatoa toleo jipya ili turudi kwenye orodha ya gemu zilizofanyiwa marekebisho. Sikurekebisha kitu, nilibadilisha namba tu. Mara nne. Wale waaminifu waliobaki wakachoka kupakua kuku yuleyule mara nne. Wakamfuta.

Nafasi ya 1,204.

Jumatatu, 11 Machi
Shemeji kaziona lebo.

Nilitegemea kelele. Kelele naziweza. Yeye akaweka simu mezani taratibu, akasema, "Shemeji, miaka miwili nimechora kuku. Wewe umewaambia watu ni zimwi."

Nikaanza kumweleza kuhusu hujuma. Akavaa kandambili, akashuka kwa fundi cherehani. Kwa fundi! Mke wangu alikuwa anakunja shuka. Kaniambia bila kugeuka kwamba mdogo wake ameshachagua viatu, viko chini ya kitanda, na kila siku anavijaribu.

Nimekula peke yangu. Chakula kilikuwa kimepoa.

Jumatano, 13 Machi
Nimeitwa chini. Shemeji yuko pale, kakaa kwenye kigoda karibu na mashine. Masharti ya fundi: nikae, nitazame, nisiseme neno.

Akaja mama mmoja kuchukua sketi. Fundi akampa simu acheze wakati anasubiri pindo. Akacheka kuku alipopanda kwenye meza ya mhasibu. Nikampiga shemeji kikumbo kwa furaha. Kisha mama akafika kwenye lifti.

Lifti ni kazi yangu bora kuliko zote. Ili mlango ufunguke, unahesabu manyoya ya kuku kwenye picha ya ukutani, unazidisha kwa namba ya ghorofa, unatoa mayai. Mama akajaribu mara kumi na moja. Akaweka simu chini, akaulizia sketi yake.

Nikafungua mdomo. Fundi akaninyooshea mkasi.

Mteja wa pili, lifti. Wa tatu, lifti. Ndipo fundi, kwa simu ya shemeji, akafungua ukurasa wetu wa takwimu, ule ambao Soko humpa kila mwenye gemu. Mimi sijawahi kuufungua, una michoro mingi. Kati ya kila watu kumi, wanane wanaishia kwenye lifti na hawarudi. Shemeji akasema amenieleza habari ya lifti tangu mwaka jana.

Nikasema lifti ndiyo inayopima akili za watu.

"Wamezipima," akasema fundi, "zikawaambia waende nyumbani."

Nikakataa. Nikasema mwenye gemu ni mimi. Shemeji akanitazama. Vidoleni bado ana rangi ya manjano, ile ya midomo ya kuku. "Niachie lifti tu," akasema. "Siombi kingine."

Nikasikia mtu anasema, "Haya." Kumbe ni mimi.

Jumamosi, 16 Machi
Wameiharibu lifti yangu. Kuku anadonoa kitufe, mlango unafunguka. Basi! Mtoto wa chekechea anaweza. Lebo zimerudishwa tatu za kimasikini. Fundi kaweka tangazo dogo ndani ya vifungo vyake, kuwaambia wachezaji wake waje wamtazame kuku.

700 juzi. 288 jana. Leo 131.

Na mimi sijakaa bure. Tangu Alhamisi, kila saa kumi na mbili na dakika sita asubuhi, naufungua ukurasa wetu kwa kidole gumba cha kushoto. Tofauti inaonekana.

Jumapili, 17 Machi
97!!!

Mwaliko umefika saa sita mchana. Shemeji kalia. Mke wangu kalia. Mimi nikatoka kibarazani kuangalia kama nguo zimekauka. Hakukuwa na nguo.

Jumanne, 19 Machi
Shemeji kaja kuniambia mwenyewe, kwa heshima. Fundi anatengeneza gemu nyingine, ya zipu, na kamwomba achore. Amekubali. Nikasema hongera, vizuri sana, zipu ni kitu cha maana. Halafu nikakaa kwenye ngazi kama dakika ishirini hivi. Waliopita walidhani nimesahau ufunguo.

Nilipopata nguvu nikamuuliza, kama ndugu, siri ya yule fundi ni nini. Nilikuwa na daftari.

"Hakuna siri, shemeji. Tuliwatazama watu wakicheza, tukarekebisha palipowashinda."

Nikatikisa kichwa. Maskini, naye kashalishwa maneno. Hivyo ndivyo wanavyotaka tuamini.

Nimekaa, nimefikiri kisayansi. Fundi na mimi tuko jengo moja. Simu za aina moja. Soko ni lilelile. Tofauti kati yetu ni moja tu, na sijui ilinipitaje siku zote hizi.

Yeye ana cherehani.

Kesho naomba ruhusa kliniki, naenda kutafuta yangu. Ya kukanyaga kwa mguu, si ya umeme. Soko haliwezi kudanganywa kirahisi.